Kamera za Dubai: Waranti Iko na Maana ama ni Pang'ang'a Tu?

Wasee wa kushuti harusi, ruracio na video za wasanii wa mtaa wanajua hii story. Bodi ileile iko kwa duka mbili hapo tao, lakini moja iko chini kwa maelfu. Ukiuliza mbona, unaambiwa, "Hii imetoka Dubai, boss." Si feki. Ni kamera orijino kabisa, ila imeingia nchini kupitia mtu ambaye si wakala rasmi wa kampuni. Hilo ndilo soko la kijivu, na usilichanganye na mali ya wizi.

Ngori huanzia kwa waranti. Waranti ya kampuni mara nyingi hufungwa na eneo, kwa hivyo kadi ya Japan inaweza kuwa karatasi tu ukiifikisha Nairobi. Kuna wakali zaidi: Nikon ya Marekani hukataa kurekebisha kamera iliyoingia huko bila kupitia kwao, hata ukijitolea kulipa. Sasa, ukiuliza tu "iko na waranti?" muuzaji atasema ndio, na hajakudanganya. Uliza ni waranti ya nani, inaheshimiwa wapi, na nani analipa ikibidi itumwe nje. Kama ni "ya duka", basi ina nguvu ya hilo duka pekee. Stoo ikihama usiku, waranti imehama nayo.

Lakini pia tusiiabudu. Waranti hushughulikia kasoro za kiwandani. Kamera ikianguka kwa boda ama ikiingia mchanga wa Diani, hiyo ni juu yako hata ukinunua kwa wakala rasmi. Lenzi simpo kama 50mm f/1.8 haina vitu vingi vya kuharibika, na hapo mimi ningechukua ya bei chini bila kuwaza sana.

Bodi ni story ingine. Nikon ilitoa D600 mwaka wa 2012, na wasee wakaanza kuona madoa kwa picha, uchafu ukikaa kwa sensa. 2014 kampuni ikakubali kubadilisha shata bure, hata kwa zile waranti imeisha. Kitu kama hicho huwezi kukinotisi ukijaribu kamera dakika tano kwa kaunta. Na kama hiyo bodi ndiyo hulipa keja, hesabu inabadilika: shata ikikwama Alhamisi na una harusi Jumamosi, zile doo uliokoa zinaishia kwa kukodi nyingine.

Kabla utume M-Pesa, washa kamera ufungue menyu. Bodi nyingi za Sony za soko la Japan huongea Kijapani tu. Canon iliyoandikwa "Kiss" isikutishe, hilo ni jina la huko; Kiss X7i ndiyo 700D. Namba ya seriali kwa bodi ikikataa kufanana na ya boksi, toka. Na ukiambiwa ni mpya, cheki hesabu ya shata. Mpya haiwezi kuwa imepiga picha elfu nne.

Kitu wengi hawajui, sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura 31, humtaka mfanyabiashara auze kitu cha ubora unaofaa, waranti iwe ama isiwe. Ila ukikagua mwenyewe, kasoro ambayo ungefaa kuiona hapo dukani huwezi kuilalamikia baadaye, kwa hivyo ukikagua, kagua vizuri. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo husikiza kesi za hadi shilingi milioni 1, unaweza kujitetea bila wakili, na inafaa iamue ndani ya siku 60. Huko utaulizwa risiti. Hakikisha imeandikwa jina la duka, seriali na muda wa waranti. Muuzaji akikataa kuandika seriali, songa duka linalofuata.