Endometriosisi: Wanasayansi wasaka kipimo kisichohitaji upasuaji

WASICHANA wengi huambiwa kwamba maumivu ya hedhi ni jambo la kawaida na wajibu wao ni kuvumilia. Hata hivyo, maumivu yanayomzuia mtu kwenda shuleni au kazini yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa uitwao endometriosisi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 10 ya wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani.

Hutokea pale tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota nje ya mfuko huo, kama vile kwenye ovari, mirija ya uzazi au utumbo. Tishu hizo huacha makovu, huleta maumivu na huweza kusababisha ugumba.

Mwaka 1927, daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kuwa sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga seli za utando huo ndani ya tumbo. Lakini damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi, ilhali wachache tu ndio huugua.

Kwa sababu hiyo, watafiti wamezigeukia seli zenyewe. Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi ya Feinstein, New York, walionyesha kuwa katika damu ya hedhi ya wagonjwa, seli za utando huo hubadilika kwa udhaifu pale zinapochochewa kujiandaa kupokea mimba. Mwaka 2023, utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford ulibaini maeneo 42 ya jeni yanayohusiana na ugonjwa huo.

Umuhimu wa kazi hiyo ni muda. WHO inasema kati ya dalili za kwanza na kutambuliwa kwa ugonjwa hupita miaka 4 hadi 12. Kwa miongo mingi, uthibitisho ulipatikana kwa laparoskopi, yaani upasuaji mdogo ambapo kamera hupitishwa tumboni mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Mwaka 2022, mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya uliacha kuihesabu laparoskopi kuwa kipimo kikuu, ukatanguliza ultrasaundi na MRI. Mwaka huohuo, watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kipimo cha mate kinachosoma vipande vidogo vya RNA. Kipimo hicho bado hakijaenea duniani.

Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, ila dawa za maumivu, homoni na upasuaji hupunguza makali yake. Mwenye dalili aandike siku na ukali wa maumivu, kisha amwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Akumbuke pia kwamba picha isiyoonyesha kitu si uthibitisho kuwa ugonjwa haupo.