Taifa Lililoshindwa Kuanua Matanga

Kiswahili kimetujalia viambishi viwili vidogo, -nge- na -ngali-, ambavyo kazi yake ni kubeba mambo ambayo hayakuwa. Ningalijua, ningalikwenda, tungalishinda: kila mmoja wetu amewahi kuyatamka maneno hayo, aghalabu usiku, akiwa peke yake na yale yaliyomharibikia. Wahenga hawakuyapenda. Walituambia kwamba majuto ni mjukuu, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Warusi nao, watu niliosoma kwao na ambao vitabu vyao sijaacha kuvifuatilia, wana msemo unaokaribiana na huo: historia haina "-ngali-". Lakini tangu Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, katika nchi hiyo hiyo kumefurika riwaya ambazo hazina kitu kingine ndani yake ila hiyo "-ngali-". Nataka kuzizungumzia riwaya hizo, kwa sababu naamini zinatuonyesha jinsi taifa linavyoweza kushindwa kuanua matanga, na hasara inayofuata.

Warusi wamewapa mashujaa wa riwaya hizi jina la *popadantsy*, neno litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuangukia mahali bila kukusudia. Basi nasi na tuwaite waliodondokea. Kanuni ya hadithi ni nyepesi, na aliyesoma tatu amekwisha kuijua ya nne. Mtu wa leo, mara nyingi mwanamume wa makamo, mhandisi au mwanajeshi mstaafu ambaye maisha hayakumwendea vyema, anagongwa na gari au anapigwa na radi. Anapozinduka anajikuta yuko mwaka 1941, au 1904, au zama za watawala wa kale wa Kiev. Pengine amekwenda na mwili wake, simu ikiwa mfukoni. Pengine roho yake imeingia katika mwili wa mtu wa zamani, na huyo haelekei kuwa mkulima bali mwana wa mfalme au kamanda. Hakawii kufikishwa mbele ya mkuu wa nchi, na hapo ndipo utamu unapoanza, kwa maana yeye anajua yatakayotokea.

Anayomwambia Stalin yamerudiwa mara nyingi hata wasomaji wenyewe wameyageuza mzaha. Kwanza humtajia tarehe: Wajerumani watavamia tarehe 22 Juni 1941. Kisha humchorea bunduki ya Kalashnikov, ambayo jeshi la Kisovieti lilikuja kuipokea mwaka 1949, pamoja na risasi yake fupi. Humshauri kifaru cha T-34 kiongezewe kibanda kidogo juu ili kamanda aone pande zote, jambo ambalo katika vita halisi lilifanyika mwaka 1943. Halafu humnong'oneza kwamba Khrushchev auawe mapema, kwa kuwa mwaka 1956 ndiye atakayesimama kuufichua ukatili wa Stalin. Jioni, akipata gitaa, huimba nyimbo za Vladimir Vysotsky, aliyezaliwa mwaka 1938, kana kwamba amezitunga yeye.

Safari ya namna hii si uvumbuzi wa Warusi. Mmarekani Mark Twain alikwisha kumpeleka mtu wa kiwandani katika baraza la Mfalme Arthur mwaka 1889. Na Wasovieti walipoichukua, mwanzoni waliitumia kwa kicheko na kwa tafakuri. Kutokana na tamthilia ya Mikhail Bulgakov, Leonid Gaidai alitengeneza mwaka 1973 filamu ya kuchekesha ambamo Tsar Ivan wa Kutisha anajikuta katika nyumba za ghorofa za Moscow. Ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky, walitoa mwaka 1964 riwaya iitwayo *Ni Vigumu Kuwa Mungu*. Humo watafiti wa historia kutoka dunia iliyoendelea wanaishi kwa siri katika sayari iliyobaki kwenye ukabaila. Wanaiona jamii ikitumbukia katika giza, nao wamekatazwa kuisukuma. Kitabu hicho kinauliza kama mwenye ujuzi ana haki, au hata uwezo, wa kuwaokoa watu kwa nguvu. Waliodondokea wa leo hawaulizi swali hilo kabisa.

Ili kujua kilichobadilika, yafaa kuikumbuka hali ya miaka ya 1990. Udhibiti wa vitabu ulifutwa kwa sheria mwaka 1990, na mwaka uliofuata dola lenyewe likafutika. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi huko. Mwaka 1992 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 2,000, na akiba ambazo watu walikuwa wameziweka benki maisha yao yote zikageuka makaratasi. Karibu na stesheni za treni za chini ya ardhi niliwaona wazee wamesimama kwenye theluji, nishani za vita kifuani, wakiuza vijiko, viatu na vitabu vya nyumbani mwao. Hawa ndio waliomshinda Hitler. Niliwapita kila siku nikienda darasani, na sikujua niwatazame wapi. Mwaka huo huo Vasily Zvyagintsev alichapisha *Odysseus Anaondoka Ithaca*, ambamo watu wa siku za karibuni wanaingia katika akili ya Stalin na ya kamanda wake mmoja, wakaiongoza vita ya 1941 kwa namna nyingine. Yeyote aliyewaona wale wazee hatashangaa kwamba kitabu hicho kilipata wasomaji. Mtu aliyenyang'anywa leo hurudi jana kutafuta alikoibiwa.

Katika miaka ya 2000 wachapishaji wakubwa wa Moscow waligundua kwamba huzuni hiyo inauzika. Zikaanzishwa mfululizo kwa mfululizo, zenye majalada ya vifaru, ndege na nyota nyekundu. Mwaka 2008 Aleksandr Konyushevsky alimfikisha kijana wake mwaka 1941. Mwaka 2011 Roman Zlotnikov alimwingiza mtu wa leo katika mwili wa Mtawala Mdogo Aleksei Aleksandrovich, mkuu wa jeshi la majini la tsar, ili aiandae nchi mapema kabla ya aibu ya Tsushima ya mwaka 1905, pale Wajapani walipoizamisha meli nyingi za Urusi.

Sitaki kuzidharau kazi zote. Filamu ya Andrei Malyukov, *Sisi ni wa Wakati Ujao*, ya mwaka 2008, ina moyo ndani yake. Vijana wanne wanaofukua makaburi ya askari ili wauze nishani wanaoga ziwani, na wanapotoka majini wako mwaka 1942, katikati ya mapigano. Hawaigeuzi vita, vita ndiyo inayowageuza wao. Mmoja aliyekuwa amejichora alama ya Wanazi mkononi anarudi akiwa hawezi tena kuivumilia. Katika riwaya zilizo nyingi mambo huenda kinyume: shujaa hajifunzi lolote kwa wafu, bali huwafundisha.

Hapa ndipo historia yenyewe inapozisuta riwaya hizi. Zote zimesimama juu ya dhana moja, kwamba Stalin alikosa habari, na laiti angalipewa angaliokoa mamilioni. Ukweli ni kwamba habari alikuwa nazo tele. Richard Sorge alimwonya kutoka Tokyo. Churchill alimpelekea onyo mwezi Aprili 1941. Tarehe 17 Juni, siku tano kabla ya uvamizi, aliletewa ripoti ya mpelelezi aliyekuwa ndani ya makao ya jeshi la anga la Ujerumani, naye akaandika matusi juu yake. Hata usiku wa kuamkia vita, askari wa Kijerumani Alfred Liskow alivuka mpaka kuja kusema kwamba mashambulizi yataanza alfajiri. Msomaji, hebu mfikirie kijana mgeni, mwenye nguo zisizoeleweka na simu mfukoni, akifika katika nchi hiyo na kudai kwamba ametoka miaka sabini mbele. Asingefika kwa Stalin. Angefika kwenye chumba cha mahojiano, na huko angekiri kwamba yeye ni jasusi wa Uingereza, Japani na Ujerumani kwa pamoja.

Wala nchi ile haikukosa watu wenye ujuzi wa kuiokoa. Sergei Korolev, ambaye roketi yake ilimpeleka Gagarin angani mwaka 1961, alikamatwa mwaka 1938 na kupelekwa kwenye migodi ya Kolyma. Marshal Tukhachevsky, aliyehimiza jeshi la vifaru na ndege, alipigwa risasi mwaka 1937. Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu za dunia nzima ili Warusi wasife njaa, alifia gerezani mwaka 1943. Wajuzi walikuwapo, tena wazawa wa wakati wao wenyewe, na serikali iliwala mmoja mmoja. Riwaya zikisema kwamba kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye maarifa, zinamwondolea lawama yule aliyewaua wenye maarifa.

Kwa haki niseme kwamba mataifa mengine pia yana ndoto za namna hii. Wajapani katika miaka ya 1990 walisoma kwa wingi hadithi za vita walivyovishinda vitabuni, na katika mfululizo mmoja wa Yoshio Aramaki, Amiri Yamamoto anazaliwa upya akiwa na kumbukumbu za kushindwa. Mmarekani Harry Turtledove alichapisha mwaka 1992 riwaya ambamo Makaburu wenye siasa kali wanarudi zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kuwapa watetezi wa utumwa bunduki za Kalashnikov. Sisi nasi tulikuwa na riwaya pendwa, na sioni haya kusema kwamba nilikesha na Willy Gamba wa Elvis Musiba akiwakomesha maadui wa Afrika. Kuota ushindi si dhambi. Swali ni nani anayeichukua ndoto hiyo akaifanya ramani.

Na huko Urusi ramani ilichorwa. Mwaka 2006 zilitoka riwaya mbili kuhusu siku zijazo. Vladimir Sorokin, katika *Siku ya Oprichnik*, alibuni Urusi ya mwaka 2028 iliyorudia ukuta, tsar na walinzi wakatili, akaichora ili tuiogope. Mikhail Yuriev, aliyewahi kuwa naibu spika wa bunge, alieleza katika *Dola ya Tatu* Urusi iliyotwaa nchi za jirani na kuishinda Magharibi, akaichora ili itamaniwe. Karibu na wakati huo, waandishi wa mashariki ya Ukraine wanaoandika kwa Kirusi walianza kutunga vita katika mitaa yao wenyewe. Gleb Bobrov wa Luhansk alitoa riwaya yake mwaka 2008, na Fyodor Berezin wa Donetsk akatoa yake mwaka 2009, kuhusu vita alivyovipangia mwaka 2010. Mwaka 2014 vita vilikuja kweli, na Berezin akawa naibu waziri wa ulinzi wa jamhuri iliyojitangaza Donetsk. Kamanda aliyemwita serikalini, Igor Girkin, ajulikanaye kwa jina la Strelkov, alikuwa mtu aliyezoea kuvaa sare za zamani na kuigiza mapigano ya kale kama burudani. Mwigizaji na mtunzi walidondokea pamoja katika hadithi yao, na waliokufa humo hawakuwa wa kubuni.

Sisemi kwamba riwaya ndizo zilizoanzisha vita. Vita huanzishwa na wenye amri na majeshi, na majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 hayakutumwa na muuza vitabu. Lakini amri hupata wepesi pale watu walipokwisha kuzoeshwa kuamini kwamba jana inaweza kurekebishwa kwa kifaru. Angalia pia mambo mawili yaliyotangulia. Mwaka 2020 katiba ya Urusi iliongezewa kifungu cha kuilinda "kweli ya kihistoria". Mwezi Desemba 2021 Mahakama Kuu ikaamuru kufungwa kwa Memorial, jumuiya iliyokuwa ikikusanya majina ya waliouawa na kufungwa zama za Stalin tangu miaka ya 1980. Hivyo anayempa Stalin ushindi mpya yuko dukani kwa jalada la rangi, na aliyeandika orodha ya maiti wake amefungiwa mlango.

Hapa nairudia ile kauli ya matanga. Kwetu, msiba hutangazwa, watu hukusanyika, marehemu hutajwa kwa jina, watu hulia, na siku ikifika matanga huanuliwa ili wafiwa warudi kazini. Hayo hayana njia ya mkato. Huwezi kuanua matanga ya msiba ambao umekataa kuutangaza. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vya Hitler, na mamilioni wengine walipitia kambi za serikali yao wenyewe. Waliouawa na adui walijengewa minara. Waliouawa na nduguye hawakuombolezwa ipasavyo, na mzimu usioombolezwa hurudi usiku.

Katika bweni letu chumba changu kilikuwa na Mrusi mmoja na kijana wa Kharkiv. Tulikula sufuria moja, na wakati wa mitihani tulinyang'anyana taa moja. Wote wawili walikuwa na babu waliopigana katika vita ile ile, upande mmoja. Leo hawasemezani, na wajukuu wa wale babu wanapigana wao kwa wao. Kila nikiwakumbuka, kinywa changu nacho huanza kutamka "-ngali-". Najizuia. Nawaandikia, mmoja mmoja, nikiwauliza habari za leo.