Dandora Haikuzaliwa Chafu

Ukitaja Dandora siku hizi watu hufikiria vitu viwili tu: jalala na rap. Sawa, Kalamashaka walitoka huko, heshima zao. Lakini ile stori ya vijana waliosafisha mtaa wao huwa tunaisimulia ikianzia katikati, kama kwamba walikuta uchafu umeanguka kutoka mbinguni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1975 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha Kenya pesa za kuanzisha mtaa mpya mashariki mwa Nairobi. Mpango ulikuwa ploti 6,000 hivi za watu wa mapato madogo. Hukupewa nyumba, msee. Ulipewa kiwanja chenye maji, bomba la maji taka, choo na bafu, pamoja na mkopo wa vifaa, ukaambiwa jenga mwenyewe polepole kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi naona hiyo ilikuwa akili. Kanjo ya miaka hiyo ilizoea kubomoa vibanda vya watu na kuwaacha barabarani.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ramani yenyewe. Nyumba zilipangwa zikizunguka ua wa pamoja. Watu wa D huuita korti, na si ile ya hakimu. Hapo unaanika nguo, watoto wanacheza, na mgeni akiingia macho yote yanamwona.

Sasa, kila ploti ilikuwa na mwenyewe, lakini korti ilikuwa ya nani? Kwa karatasi ni ya jiji. Kwa vitendo, ya hakuna mtu. Malandilodi wakaanza kuinua ghorofa, juu kodi ni tamu, na mabomba yaliyopangiwa familia chache yakabebeshwa ploti nzima ya wapangaji. Yakaziba. Taka hazikuzolewa, zikarundikwa kortini, na giza likiingia hapo ndipo ulipoporwa simu.

Jalala nalo lilifunguliwa miaka hiyo hiyo ya sabini. Mwaka wa 2001 lilitangazwa limejaa, lakini malori yakaendelea kuja. Mwaka wa 2007 utafiti uliofanywa kwa niaba ya UNEP ulipima watoto 328 wa eneo hilo, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Nusu ya watoto!

Ndiyo maana kilichotokea miaka ya 2010 si mambo ya kupaka tairi rangi tu. Vikundi vya vijana vilianza kushika korti moja moja: kuzoa taka, kuzibua mitaro, kuweka geti, kupanda maua, kutenga nafasi ya watoto. Wakaaji wanachanga kidogo kila mwezi, na vijana wanaolinda na kusafisha wanapata kitu cha mfukoni. Dandora Transformation League ikageuza kazi hiyo kuwa mashindano, Changing Faces, korti kwa korti. Hapo walicheza vizuri, juu hakuna kijana wa Nairobi anayekubali korti ya jirani ing'ae kuliko yake. Ile ramani ya zamani ikaanza kufanya kazi yake tena.

Kitu kinachonikera ni vile tunavyowapongeza. Tunasema "vijana wamejitolea", tunapiga makofi, halafu tunasahau kuuliza kwa nini mtoto wa mpangaji ndiye anazibua mtaro wa jiji. Wengi wa vijana hawa hawamiliki hata tofali moja pale. Korti ikipendeza, mwenye nyumba ana sababu ya kupandisha kodi, na aliyeisafisha anaweza kuwa wa kwanza kuhama.

Kwa hivyo kabla mheshimiwa yeyote hajaenda Dandora kupigwa picha na hayo maua, atangulize vitu viwili: lori la taka linalokuja kwa ratiba, na barua yenye muhuri inayowapa wakaaji, wapangaji wakiwemo, haki ya kusimamia korti zao.