Deni la Duka na Lugha Zake: Wakulima wa Karafuu wa Unguja na Pemba hadi Mwaka 1938

Habari za madeni ya wakulima wa karafuu zimekwisha andikwa na wengi, hasa wataalamu wa uchumi na wa sheria. Wameeleza jinsi bei zilivyopanda na kushuka, mashamba yalikuwa mikononi mwa nani, na Serikali ilitunga sheria zipi. Jambo moja nadhani halikupewa haki yake, nalo ni lugha. Mkulima wa Pemba katika miaka ya 1920 alikopa kwa Kiswahili. Waraka uliomfunga, kama ulikuwako, mara nyingi uliandikwa kwa Kiarabu. Hesabu yake dukani iliandikwa kwa Kigujarati. Na sheria iliyokuja kumwokoa ilitungwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha nne kulikuwa na kitu kilichofichika kila mara, nacho ni riba. Makala hii yataka kuonyesha ilijificha wapi.

Mikarafuu ilienea Unguja katika zama za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hata ukizaa, zao lake halina uaminifu: mwaka mmoja matawi yainama kwa uzito, mwaka unaofuata hakuna cha kuchuma. Kilimo cha namna hiyo hakiendi bila fedha ya kungojea. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya miti ya Unguja, na Pemba, ambayo haikudhurika sana, ikawa ndicho kisiwa cha karafuu. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria, wenye mashamba wakalazimika kutafuta fedha taslimu za kuwalipa wachumaji. Hayo yajulikana. Lakini wenye mashamba makubwa hawakuwa peke yao. Chini yao walikuwako watu wa miti kumi au ishirini, na wachumaji waliolipwa kwa pishi, ambao hawakuwa na kitu cha maana cha kuweka rehani. Deni la hawa lilikuwa la mchele, kaniki, sukari na mafuta ya taa, na lilifanywa katika duka la njia panda.

Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo hili. Kuazima ni kuchukua kitu na kukirudisha kitu kile kile. Kukopa ni kuchukua kitu na kurudisha badala yake. Karadha ni mkopo usio na nyongeza. Kuna rehani, na kuna arubuni. Kuna kitenzi cha kale, kuwia, ambacho leo husikika kwa nadra: nikikuwia fedha, wewe umewiwa nami. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 zalipa neno kopa maana mbili, ya kuchukua kwa deni na ya kupata kwa hila. Wengine wamesema kwamba hii ni dalili ya tabia ya wakopaji. Mimi nadhani ni dalili ya upande ambao waandishi wa kamusi waliulizia habari zao, maana mwenye duka na mwenye kuwiwa hawakulitumia neno hilo kwa nia moja.

Neno ambalo lina faida zaidi kwa mwanahistoria ni mali kauli, yaani bidhaa iliyotolewa kwa ahadi ya mdomo. Hapa hapana waraka wala shahidi, na wala riba haitajwi. Bidhaa ina bei mbili tu, bei ya taslimu na bei ya mkopo. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mchele wa shilingi 10 za taslimu waandikwa shilingi 12, kulipwa miezi mitatu baadaye karafuu zikiiva. Sharti ni kwamba karafuu zitaletwa duka lile lile, nazo zitahesabiwa shilingi 8 kwa frasila, ingawa mjini frasila yauzwa shilingi 10. Deni la shilingi 12 lataka frasila moja na nusu, ambayo mjini ingeleta shilingi 15. Basi mchele wa shilingi 10 umelipwa kwa mali ya shilingi 15 katika miezi mitatu, na hakuna aliyetamka neno riba. Mkulima amelipa nyongeza mara mbili, aliponunua na alipouza. Tena, kwa kuwa amelipa karafuu zake zote, mwezi unaofuata hana cha kununulia mchele ila kwa mkopo mwingine. Mtego uko hapo, katika kurudi dukani, kuliko katika ukubwa wa deni lenyewe.

Kwa wenye ardhi ilikuwako njia nyingine, ya kisheria zaidi. Riba ni haramu katika Uislamu, na visiwa hivi ni vya Waislamu. Lakini fedha ilitafuta mlango, ikaupata katika bei khiyari. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa fedha kadhaa, naye akabakiwa na khiyari ya kulikomboa ndani ya muda uliowekwa. Katika muda huo alikaa katika shamba lile kama mpangaji, akilipa kodi. Ukiusoma waraka waona bei, na waona ijara, riba huioni. Mafakihi wa Oman walijadiliana sana juu ya bei hii, na Fahad Bishara, katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya madeni katika Bahari ya Hindi, ameonyesha jinsi nyaraka za namna hii zilivyobeba biashara nzima ya pwani. Mahakimu wa Kiingereza nao walielekea kuihesabu kuwa ni rehani tu. Kwa tafsiri hiyo ile kodi ikawa faida ya mkopo, na jambo ambalo Kiarabu cha waraka kililistahi likasemwa waziwazi katika lugha ambayo mdeni hakuijua.

Tukirudi dukani twakuta daftari. Wenye maduka ya shamba, wengi wao watu wa asili ya Kutch na Gujarat, waliandika hesabu kwa lugha yao na kwa hati yao, kama mfanyabiashara yeyote afanyavyo. Sidhani kwamba kila daftari lilikuwa la udanganyifu. Hakuna haja ya kudhani hivyo. Yatosha kwamba mdeni hakuweza kulisoma. Hata mwanachuoni aliyesoma Kiarabu vizuri alikuwa mbele ya daftari lile sawa na asiyejua kusoma. Na mwenye duka mwenyewe hakuwa huru, kwani bidhaa zake alizichukua kwa mkopo kwa tajiri wa mjini, na tajiri huyo alitegemea nyumba za biashara za Bombay. Nyongeza aliyotozwa yeye aliisukuma chini, mpaka ikamfikia mtu ambaye hakuwa na wa kumsukumia.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mashaka ya uchumi yaliyoanza mwaka 1929, Serikali ilishtuka. Uchunguzi wa Bartlett na Last wa mwaka 1933 ulihusu madeni ya wakulima, na mwaka 1934 zikatoka sheria kadhaa kwa mkupuo. Ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe mtu asiye wa jamii hizo ila kwa idhini ya Balozi wa Kiingereza. Wakopeshaji fedha wawekewe masharti. Na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, kipewe nguvu mpya. Mwaka 1937 chama hicho kikapewa peke yake haki ya kununua karafuu kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi walisusa, na Bara Hindi, mnunuzi mkubwa, ikawaunga mkono, mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba.

Zitazame sheria hizi kwa jicho la lugha. Zilisema ardhi, rehani, mkopo wa fedha, riba. Zilimgawa mdai na mdeni kwa kabila, kana kwamba deni ni jambo la damu, na uchungu wa mgawanyo huo uliishi kuliko sheria zenyewe. Lakini mchele wa shilingi 10 ulioandikwa 12 haukuwa ardhi, wala rehani, wala mkopo wa fedha, ulikuwa biashara. Nionavyo mimi, mtu wa mali kauli hakuonekana kwa sababu Kiingereza cha sheria hakikuwa na jina lake. Maofisa wengi walipoandika juu ya sababu za madeni walitaja ubadhirifu, arusi na matanga. Waswahili nao wana methali ya kukopa arusi kulipa matanga, na bila shaka ilikuwa rahisi kuinukuu kuliko kuuliza bei mbili za kibaba kimoja cha mchele.

Nyaraka za Kiarabu zimehifadhiwa kwa wingi katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na sheria zimechapwa. Maneno ya dukani ndiyo yaliyo hatarini, maana hayakuandikwa na yeyote. Mali kauli lasikika bado, na mnunuzi asiye na fedha humwambia mwenye duka, "Niandikie," pasipo kusema aandikiwe nini. Ingefaa maneno haya yakusanywe kwa wazee wa Wete, Chake Chake na Mkoani, pamoja na bei zilizosemwa nayo, ile ya taslimu na ile ya mkopo, kila moja kwa jina iliyoitwa.