Hofu Iliyochorwa Ukutani: Sanaa ya Bayeye wa Usukuma

Bayeye ni chama cha wacheza ngoma ya nyoka wa Usukuma. Wanachama wake hukamata chatu, swila na kifutu, huwatibu walioumwa na nyoka, na baada ya mavuno huingia uwanjani kucheza mbina, yaani ngoma, chatu akiwa amewazunguka shingoni. Kwa ngoma hiyo wanajulikana Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, hata kwenye sherehe za serikali na mikutano ya siasa. Wasiojulikana sana ni wachoraji wao. Michoro yao ya ukutani ni kati ya kazi chache za uchoraji wa Tanzania Bara zilizotolewa kitabuni kabla ya uhuru.

Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba walimofundishwa wanachama wapya. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na nyasi. Ukutani palikuwa na nyoka, watu, wanyama na wahusika wa masimulizi ya chama, wakiwamo wahenga waliokitangulia. Rangi zilikuwa tatu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro haikuwekwa pale kuwa mapambo. Ilikwenda na nyimbo na mafunzo ya siri, na mwanagenzi alitakiwa kuyashika yote mawili, wimbo na picha, kabla ya kukubaliwa kuwa Myeye kamili.

Aliyeipeleka michoro hiyo kwa wasomaji wa nje alikuwa Hans Cory. Alizaliwa Vienna mwaka 1889 kwa jina la Koritschoner, akafika Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye akawa mtaalamu wa mila na desturi wa serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza. Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu chama cha Bayeye katika jarida la Africa, na mwaka 1953 kampuni ya Faber and Faber ya London ikatoa kitabu chake kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Wakati huo almasi ya Mwadui, Shinyanga, ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa na John Williamson tangu 1940, na mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ulikuwa unaendelea. Serikali ya kikoloni ilijua mengi zaidi kuhusu kilicholala chini ya ardhi ya eneo hili kuliko kilichochorwa kwenye kuta za nyumba zake.

Michoro ya Bayeye haina upeo wa macho, haina kivuli, haina mbali na karibu. Umbo limejazwa rangi moja bapa, mwili umepunguzwa hadi mistari michache, na mtu na nyoka wanaelea kwenye udongo ule ule bila ardhi chini yao. Mtazamaji hapewi mahali pa kusimama, na hilo ndilo linalofanya kazi. Katika nyumba ya udongo yenye mwanga hafifu, nyoka asiye na ardhi anaweza kuwa popote. Mchoraji aliacha kila kitu kisichohusika na hofu, akabakiza mkunjo wa nyoka na umbo la binadamu.

Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa ekspreshonizimu huko Ulaya: mchoraji hupotosha umbo na rangi kwa makusudi ili hisia ya ndani itangulie sura ya nje. Picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya Edvard Munch wa Norway, ijulikanayo kama Skrik, yaani ukelele, ambayo toleo lake la kwanza la rangi ni la mwaka 1893. Munch mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitembea na marafiki wawili jua likizama, mbingu ikageuka damu, akahisi ukelele mkubwa ukipita katika maumbile yote. Katika picha, mtu aliye mbele hana nywele, na haijulikani kama ni mwanamume au mwanamke. Amebana viganja kwenye masikio. Wengi hudhani ndiye anayepiga ukelele. Ukifuata maelezo ya Munch, yeye anauzuia usimwingie.

Ufundi wa picha hiyo uko kwenye mistari. Mbingu, maji na mwili wa mtu yule vyote vimepinda kwa mawimbi ya aina moja, kana kwamba sauti imepita ndani yake. Kitu pekee kilichonyooka ni daraja lenye kingo zake, linalokata picha kwa mshazari, na juu yake wale wenzake wawili wamesimama wima kwa nyuma bila kuguswa na chochote. Wangepindwa nao, picha ingekuwa ya dhoruba. Kwa kuwa wamenyooka, mtazamaji anajua kwamba balaa limempata mmoja tu.

Hapo ndipo Bayeye na Munch wanapoachana. Hofu ya Skrik ni ya mtu aliye peke yake, na picha haimpi njia ya kutokea. Hofu ya ukuta wa Bayeye ilikuwa ya kundi, nayo ilikuwa na mwisho: mwanagenzi alionyeshwa nyoka pamoja na wimbo wake, mbele ya wakubwa wa chama waliokwisha kuumwa wakapona. Hata rangi haziongei lugha moja. Wekundu wa mbingu ya Munch ni tishio. Katika nchi kavu kama Shinyanga, weusi ambao mahali pengine ungesomwa kuwa msiba ni rangi ya wingu la mvua, na kondoo mweusi alitolewa katika matambiko ya kuiomba. Anayesoma michoro ya Usukuma kwa kamusi ya rangi ya Ulaya atakosea hisia yake.

Sanaa ya hisia ya Wasukuma haikukomea ukutani. Mavuno yakiisha, kuanzia mwezi Juni, vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana. Masimulizi huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Manju na wacheza ngoma hutumia dawa ya mvuto iitwayo samba, lakini hutumia pia ujanja wa macho: nyoka, nungunungu, mazingaombwe na sanamu za mbao.

Sanamu hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Kiwiliwili ni kirefu kama nguzo, miguu imefupishwa au haipo, mikono myembamba imechongwa kando na mara nyingine inachezeshwa. Mdomo uko wazi. Vinyago vya kuvaa usoni vimepachikwa meno halisi ya wanyama, na ngozi au nywele zikafuatia. Wakusanyaji wa mwanzo waliozoea mbao laini zilizong'arishwa waliziona kazi hizi kuwa za kukwaruza. Waliziona rafuni, zimenyamaza. Mchongaji alizichonga ili zionekane kwa mbali, katikati ya vumbi, zikitikiswa na mtu anayecheza, na katika hali hiyo mdomo wazi wenye meno hushinda kila nakshi. Wachoraji wa Ulaya walipimwa na wahakiki. Mchongaji wa Usukuma alipimwa na miguu ya watu waliohama upande.

Nguvu ya kuvuta umati namna hiyo iliwatia wasiwasi hata watawala. Masimulizi ya Usukuma yanasema Wajerumani walimkamata Ng'wanamalundi, mcheza mbina na mganga aliyefariki mwaka 1936, kwa kuogopa watu aliokuwa akiwakusanya.

Wakati Wajerumani hao wakitawala hapa, wachoraji vijana wa kwao walikuwa wakijifunza kutoka kwa kazi za makoloni. Kundi la Die Brücke liliundwa Dresden mwaka 1905, na Ernst Ludwig Kirchner na wenzake walikuwa wageni wa mara kwa mara wa jumba la makumbusho ya tamaduni la mji huo, lililojaa michongo ya Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1912 Wassily Kandinsky na Franz Marc walitoa kitabu cha Der Blaue Reiter mjini München, wakapanga picha za michongo ya Afrika kando ya michoro ya Ulaya kwa hadhi sawa. Hata hivyo, makumbusho yaliendelea kuhifadhi kazi hizo kama ushahidi wa mila za makabila, bila kuuliza majina ya waliozichonga. Hasara hiyo haijalipwa mpaka leo.

Maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yalifanyika Ujerumani mwaka 1994, kwanza Berlin, kisha kwenye jumba la Lenbachhaus, München, kazi za Wasukuma na Wanyamwezi zikiwamo. Lenbachhaus ndilo lenye hazina kubwa kuliko zote ya picha za Der Blaue Reiter, iliyotolewa na mchoraji Gabriele Münter mwaka 1957.

Nyumbani, kuta za udongo hazikudumu. Mvua na mchwa havibagui mchoro. Mengi yaliyobaki yanatokana na Cory, aliyefariki mwaka 1962 na ambaye mafaili yake yamo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora. Hapo Bagika, Bagalu na Bayeye wana sehemu yao, na kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu mashindano ya Bulabo huchezwa kiwanjani. Mwalimu wa sanaa wa Shinyanga au Geita hahitaji kungoja kitabu kutoka Oslo ili kuwaonyesha wanafunzi jinsi umbo linavyobeba hofu: Bujora iko Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza, barabara ya kwenda Musoma.