Nishani ya Marehemu Aliye Hai

Tarehe 14 Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba Kapteni Eric Wilson ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani iliyo juu ya nishani zote za ushujaa katika majeshi ya Mfalme. Tangazo lilieleza kuwa alipigana mpaka mwisho akauawa. Jamaa zake walikwisha kumlilia. Kumbe huyo aliyeliliwa yu hai, mfungwa wa Mtaliana katika nchi ya Eritrea.

Wilson, mtoto wa padri, alizaliwa mwaka 1912 na akawa afisa mwaka 1933. Macho yake hayakuwa mazuri, akivaa miwani. Mwaka 1937 alihamia katika kikosi cha Nyasaland cha King's African Rifles, akajifunza Kinyanja ili aseme na askari wake bila mkalimani. Na mwaka 1939 akapelekwa katika Kikosi cha Ngamia cha Somalia ya Waingereza.

Waitaliano walivuka mpaka mwanzoni mwa Agosti 1940. Njia ya kwenda Berbera, bandari ya Ghuba ya Aden, hupita baina ya vilima vya Tug Argan, na hapo ndipo Waingereza walipojipanga. Wilson na Wasomali wake walikuwa na bombomu juu ya kilima kimoja. Tangu tarehe 11 Agosti mizinga ya adui iliwalenga wao hasa, kwa kuwa bombomu zao ndizo zilizowazuia askari wa miguu wasipite. Wilson alijeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto. Bombomu zilirushwa kutoka katika miguu yake. Akazitengeneza, akazirudisha mahali pake. Homa ya malaria nayo ikamshika juu ya majeraha hayo, na bado akaendelea kupiga mpaka alasiri ya tarehe 15, kilima kilipotekwa.

Ubavuni pake alianguka sajini Msomali, Omar Kujoog. Jina hili halina budi kuandikwa, maana nishani haikuandikwa kwa jina lake. Kanuni za jeshi la Uingereza za wakati ule zilikuwa na ugumu wa ajabu: aliyekufa akipigana na adui angeweza kupewa Msalaba wa Victoria, au kutajwa tu katika taarifa ya jemadari, nishani nyingine za ushujaa zilikuwa za walio hai. Kwa hiyo askari aliyekufa alipaswa kupata nishani kubwa kuliko zote, ama asipate hata moja. Afisa alipata ya wafu naye hajafa. Sajini alikufa kweli, na mlango uliobaki wazi kwake ulikuwa mwembamba mno. Kanuni hiyo haikulegezwa mpaka mwaka 1979.

Berbera ilitekwa tarehe 19 Agosti. Askari wengi wa Kikosi cha Ngamia hawakupanda meli pamoja na Waingereza. Walichukua bunduki zao wakarejea kwa jamaa zao, na ngamia wao.

Wilson alipata habari ya nishani yake kambini, kwa kinywa cha afisa wa jeshi la anga aliyetekwa baada yake. Mtu kuambiwa na mateka mwenziwe kwamba yeye ni shujaa marehemu, si jambo la kila siku. Alifunguliwa mwaka 1941 Waitaliano waliposhindwa, akapigana tena katika jangwa la Afrika ya Kaskazini, kisha Burma pamoja na Waafrika wa King's African Rifles.

Mwaka 1949 aliacha jeshi, akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, akakaa huko mpaka 1961, mwaka wa uhuru. Katika miaka ya 1970 alikuwa katibu wa chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali. Alifariki Uingereza tarehe 23 Desemba 2008, mwenye umri wa miaka 96, miaka 68 baada ya Kujoog.