Mwanamume wa Miaka 37

Mwaka 1955, jarida la Archives of Surgery huko Marekani lilichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wasiotajwa majina. Mmoja wao alikuwa mwanamume wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison, aliyepasuliwa mgongo tarehe 21 Oktoba 1954. Ukipekua magazeti ya siku hizo, jina unalipata bila jasho: John F. Kennedy, seneta wa Massachusetts. Na bado ilibidi tungoje hadi 1967, Kennedy akiwa kaburini, ndipo daktari mmoja wa Kansas, John Nichols, aliunganishe jina na ripoti katika jarida la kitabibu.

Umbea upo hapa, tusidanganyane. Lakini kinachonivuta zaidi ni hofu ya wale madaktari. Mgongo wa mtu unapasuliwa, na wanachoogopa wao ni tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo.

Tezi hizo, adrenali, hutoa homoni ya kotisoli. Siku ya kawaida inatoka kidogo tu, nyingi yake asubuhi. Sasa vunjika mguu, shikwa na nimonia, au lazwa kwenye meza ya upasuaji: ubongo unaziamuru zitoe mara kadhaa ya kiwango hicho. Kotisoli hupandisha sukari kwenye damu, husaidia mishipa kushikilia presha, na huizuia kinga ya mwili isivuke mpaka. Isipopanda wakati huo, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa kwa jeraha ambalo mwenzake angelipona.

Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, alieleza ugonjwa huu mwaka 1855. Wagonjwa wake walikonda, wakaishiwa nguvu, ngozi ikageuka rangi. Alipowachunguza baada ya kufa alikuta adrenali zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Dawa haikuwepo.

Kotisoni ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, na 1950 ikaleta Tuzo ya Nobel. Shangwe kila mahali. Kisha mwaka 1952 ikaripotiwa habari ya mgonjwa aliyeitumia kwa miezi, akapasuliwa nyonga, akafa. Adrenali zake zilikuwa zimesinyaa. Homoni ikiingia kutoka nje, tezi hulala. Mwili hauajiri watu wawili kwa kazi moja. Ndiyo maana hata leo, mtu aliyemeza predinisoloni kwa muda mrefu haachi ghafla tu, ati kwa sababu amejisikia poa. Na mwenye Addison akipata homa kali huongeza dozi, kuiga kile ambacho tezi nzima zingefanya zenyewe.

Kennedy, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huo London mwaka 1947, alipewa homoni za ziada kwa ajili ya upasuaji ule. Hata hivyo maambukizi yalimwangusha, akapoteza fahamu, kasisi akaitwa. Alipona. Kwenye kampeni ya 1960 kambi yake ilikana kwamba ana Addison, na kura zikapigwa.

Alipouawa Novemba 1963, maiti yake ilichunguzwa. Kuhusu adrenali, ripoti ile haisemi neno.